Mcheza Kwao Hutuzwa? Shabiki, Mchezaji na Siasa za Korona

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, na aghalabu mwalimu alitufafanulia kwa wepesi kuwa mtu anayecheza nyumbani hutunukiwa na watu wake. Nimeibeba maana hiyo kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Hata hivyo, yaliyojiri katika ulimwengu wa kandanda kati ya mwaka 2020 na 2021, ugonjwa wa Korona ulipofunga viwanja, yamenilazimu kuweka alama ya kuuliza mwishoni mwa methali hiyo. Katika makala haya nakusudia kueleza sababu, na kudai kwamba sisi mashabiki tuna deni kwa wachezaji wetu ambalo hatujalilipa hadi leo.

Sharti nikiri mapema ili msomaji asije akanishutumu kwa kuficha rangi yangu. Mimi ni shabiki wa Gor Mahia tangu siku nilipobebwa begani na baba nikaonyeshwa bahari ya jezi za kijani ikiimba kwa sauti moja. Ughaibuni, nawashabikia Wanabunduki wa Arsenal, maradhi niliyoambukizwa nikiwa kidato cha kwanza na ambayo hayana chanjo. Kwa hivyo, nisitarajiwe kushika mizani isiyotikisika. Wala simwombi radhi mhariri kwa kuleta soka katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Nyimbo za mashabiki, majina ya kupanga wanayopewa wachezaji, tambo na vijembe vya watani wa jadi ni fasihi simulizi iliyo hai, na anayetaka kuiona jamii yetu ikijisema bila kujificha na aende uwanjani.

Turejee basi mwaka 2020. Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilithibitishwa Machi 13. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa, vyuo vikuu navyo vikapewa hadi Machi 20, na kuanzia Machi 27 kafyu ya usiku ikaanza. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Nilifunga virago nikarudi nyumbani Nairobi, mtaa wa Eastlands, nikakaa na redio, simu na vitabu viwili vya tamthilia. Ligi Kuu ya Kenya ilikuwa imesimamishwa. Kisha Aprili 30, Rais wa Shirikisho la Soka nchini, Nick Mwendwa, akatangaza kuwa msimu umekatizwa na kwamba Gor Mahia, waliokuwa kileleni mwa jedwali, ndio mabingwa. Hilo lilikuwa taji letu la 19.

Nilishangilia. Naam, nilishangilia chumbani peke yangu. Kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ilipinga uamuzi huo na kudai kwamba shirikisho halikuwa na mamlaka ya kuutoa. Kwa majuma kadhaa mashabiki tukatumia kila shilingi ya vifurushi vyetu vya intaneti kubishana: Je, taji la mezani ni taji? Nani ana haki ya kulitoa? Wapinzani wetu wa AFC Leopards walitukejeli kwamba tumetawazwa na virusi. Nasi tukajibu kwamba virusi viliwakuta wao wakiwa wapi jedwalini. Tulicheka, tukatukanana, tukachoka. Ninapokumbuka mijadala ile leo, jambo moja hunichoma: sikumbuki hata siku moja tulipouliza wachezaji waliolipata taji hilo walikuwa wanakula nini.

Ilhali tulijua. Mnamo 2019, mdhamini mkuu wa ligi na wa vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards, kampuni ya kamari ya SportPesa, alijiondoa kufuatia mvutano na serikali kuhusu leseni na ushuru. Tangu hapo habari za wachezaji kukaa miezi bila mishahara na kususia mazoezi zilikuwa za kawaida kama taarifa za hali ya hewa. Kwa hiyo Korona haikuleta njaa katika vilabu vyetu. Iliikuta njaa imekaa kitako sebuleni. Wachezaji walipogoma kabla ya janga hilo, sisi mashabiki tuliwaita wasaliti. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwamba anayevaa jezi ya kijani hapaswi kuhesabu sarafu. Nilikuwa na umri wa miaka 22, sijawahi kulipa kodi ya nyumba hata mwezi mmoja.

Sasa tuvuke bahari tuone jinsi shabiki huyo huyo alivyowatazama wachezaji wa mbali. Mnamo Aprili 2, 2020, Waziri wa Afya wa Uingereza wakati huo, Matt Hancock, alisema mbele ya taifa kwamba wachezaji wa Ligi Kuu wanapaswa kukubali kupunguziwa mishahara. Kauli hiyo ilikuwa siasa tupu. Hakuwataja wenye mabenki wala wenye vilabu. Alichagua vijana ambao wengi wao wametoka katika nyumba za kimaskini, akawaweka mbele ya hadhara kama mbuzi wa kafara. Wachezaji walijibu kwa vitendo. Chini ya uongozi wa nahodha wa Liverpool, Jordan Henderson, manahodha wa vilabu waliunda mfuko wa kuisaidia huduma ya afya ya nchi yao. Wakati huo huo, klabu ya Liverpool yenyewe ilitangaza Aprili 4 kwamba baadhi ya wafanyakazi wake watalipwa sehemu ya mishahara kwa fedha za serikali, kisha ikabatilisha uamuzi huo siku mbili baadaye kwa sababu mashabiki walikasirika. Zingatia hilo, msomaji: mashabiki walikasirika, na klabu ikabatilisha.

Nami nilikuwa na hasira zangu, ila nilizielekeza pasipofaa. Mnamo Aprili 20 Arsenal ilitangaza kuwa wachezaji wamekubali kupunguziwa mishahara kwa asilimia 12.5. Mesut Özil, aliyeripotiwa kupokea pauni 350,000 kwa juma, alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa. Sikusubiri maelezo. Nilimwita mchoyo, mvivu na kupe. Nilisema kwamba tangu zamani miguu yake ilikuwa imelala na sasa utu wake nao umelala. Baadaye Özil alieleza kwamba alitaka kwanza kujua fedha hizo zingekwenda wapi. Mwezi Agosti mwaka huo huo, Arsenal ikatangaza mpango wa kuwaachisha kazi watu 55. Swali lake, basi, lilikuwa swali la haki. Sisemi kwamba Özil alikuwa malaika, wala sisemi kwamba alistahili nafasi kikosini. Kwa maoni yangu kasi ya mchezo ilikuwa imemwacha. Nasema tu kwamba kuna tofauti kati ya kumhukumu mchezaji kwa pasi aliyokosea na kumhukumu kwa swali aliloliuliza. Mimi sikuiona tofauti hiyo.

Kisha akaja Marcus Rashford wa Manchester United. Juni 15, 2020, mshambulizi huyo aliyekuwa na umri wa miaka 22, rika langu hasa, aliwaandikia wabunge wa Uingereza barua ya wazi. Alisimulia utoto wake wa kutegemea chakula cha bure shuleni na kuwasihi wasiwaache watoto maskini na njaa wakati wa likizo ya kiangazi. Siku iliyofuata serikali ya Boris Johnson ilibadili msimamo wake, na watoto wapatao milioni 1.3 wakahakikishiwa vocha za chakula. Oktoba suala hilo lilirudi bungeni, likashindwa kwa kura 322 dhidi ya 261. Lakini shinikizo la umma halikupoa, na Novemba serikali ikarudi nyuma tena. Mchezaji mmoja alikuwa ameishinda serikali mara mbili katika mwaka mmoja, bila kupuliziwa kipenga.

Hapo nami, shabiki wa Arsenal, nikayaweka kando mambo ya utani nikamsifu Shetani Mwekundu. Niliandika kwa fahari kwamba mwanasoka ni sauti ya wasio na sauti. Waliosema kuwa siasa zitamharibia mchezo niliwapuuza, na wakati ulikuja kuwaumbua: msimu wa 2022/23 Rashford alifunga mabao 30 katika mashindano yote. Kiwango chake kilikuja kushuka baadaye, ndiyo, hadi akatolewa kwa mkopo kwenda Aston Villa na kisha Barcelona mwaka 2025. Lakini kushuka huko kulitokea miaka kadhaa baada ya barua ile, na sioni mantiki ya kuilaumu barua.

Sasa naomba nisimulie jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Katika ploti tuliyoishi palikuwa na kijana aliyekuwa kiungo wa timu moja ya ligi za chini, ambayo sitaitaja. Alikuwa fundi wa mpira, mwenye utulivu unaonunuliwa kwa bei ghali kwingineko. Jioni moja ya mwezi Juni, siku chache baada ya barua ya Rashford, alibisha mlangoni kwetu. Tulisimama kila mtu na barakoa yake. Nilianza mara moja kumhutubia kuhusu Rashford, na jinsi wachezaji wa Kenya wanavyopaswa kuamka na kumwiga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kaka, mimi nimekuja kuuliza kama una mia mbili ya unga." Nilipotahayari na kuanza kutafuta mfukoni, akaongeza, "Na huyo Rashford unamjua hadi na hadithi ya mamake. Mimi jina langu kamili walijua?"

Sikulijua. Nilimjua kwa jezi nambari nane. Tuliishi ploti moja miaka mitatu.

Siku iliyofuata aliniletea mkataba wake, kwa kuwa, alivyosema, mimi ndiye msomi wa ploti. Zilikuwa karatasi tatu za Kiingereza kizito cha kisheria. Alikuwa ametia saini bila kuzielewa, na aibu ya kuuliza ikamzuia. Katika ukurasa wa pili palikuwa na kifungu kilichosema kwamba klabu haitawajibika kumlipa iwapo litatokea jambo lililo nje ya uwezo wake. Nilikaa na kifungu hicho nusu saa nzima nikitafuta Kiswahili chake. Hatimaye nilimwambia, "Hapa wanasema kwamba janga likija, hawakudai nawe huwadai." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angekataa kutia saini iwapo ningemsomea mapema. Sikuwa na jibu. Timu yake haikumlipa mwaka huo. Siku hizi anaendesha bodaboda, na nimesikia kwamba hachezi tena hata mechi za mtaani.

Simulizi hii si ya kipekee, na ndiyo maana naona kwamba siasa za Korona katika soka yetu hazikuwa suala la virusi pekee. Zilikuwa suala la milango: nani anafungiwa na nani anafunguliwa. Uchaguzi wa Shirikisho la Soka ulifanyika Oktoba 17, 2020. Siku tisa baadaye, Oktoba 26, maelfu ya wanasiasa na wageni walikusanyika Bomas of Kenya kuzindua ripoti ya BBI. Ligi Kuu ilianza mwishoni mwa Novemba. Yaani, kura za viongozi wa soka zingeweza kupigwa, wanasiasa wangeweza kukusanyika, lakini mchezaji alisubiri. Machi 26, 2021, michezo ilisimamishwa tena. Na mwezi Juni mwaka huo, mbio za magari za Safari Rally ziliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002, watu walifurika Naivasha ilhali mashabiki wa soka walikuwa bado wamezuiliwa viwanjani. Fauka ya hayo, kuanzia Agosti 2020 taifa lilikuwa limejaa habari za sakata ya mabilioni katika ununuzi wa vifaa vya kukabiliana na Korona. Mchezaji aliyeambiwa avumilie kwa kuwa nchi haina fedha alikuwa na haki ya kuuliza ni nchi ipi hiyo.

Jirani zetu wa Tanzania walifuata njia tofauti. Ligi yao ilirejea Juni 2020, na mashabiki wakaruhusiwa viwanjani, huku serikali ikiwa imeacha kutangaza takwimu za maambukizi tangu mwishoni mwa Aprili. Mashabiki wengi wa Kenya tuliwaonea gere. Beki wetu hodari, Joash Onyango, alihamia Simba mwaka huo, akimfuata Francis Kahata aliyetangulia mwaka 2019. Tulilalamika kwamba Simba wanatunyang'anya wachezaji. Mimi siwaoneshi Watanzania kama kielelezo, kwa sababu kuficha takwimu ni kucheza na roho za watu, na shabiki aliyekufa hawezi kushangilia. Lakini mchezaji anayehama ili alipwe hajamsaliti mtu. Kwao hakutuzwa, alikwenda kucheza kwa wenzao. Michael Olunga naye, aliyewahi kuvaa jezi yetu ya kijani, mwaka huo huo wa 2020 alifunga mabao 28 katika Ligi Kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, akatawazwa mfungaji na mchezaji bora. Tulisherehekea Ukenya wake. Ni wangapi tuliojiuliza iwapo angekuwa nani kama angesalia hapa?

Wapo watakaopinga hoja zangu. Watasema, kwanza, kwamba siasa na michezo havichangamani. Jibu langu ni kuwa vimechangamana tayari. Waziri anapofunga uwanja, mwanasiasa anapoahidi jezi wakati wa kampeni, hiyo ni siasa. Kinachokatazwa ni siasa ya mchezaji tu. Watasema, pili, kwamba Rashford alikuwa tajiri, hivyo angeweza kusema bila hofu, ilhali mchezaji wetu akisema huachwa benchi. Hoja hii ina uzito, nami naikubali. Lakini ndiyo inayotuelemea sisi. Barua ya Rashford haikuwa na nguvu kwa sababu ya pauni zake. Ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yake walisimama mamilioni ya watu. Mchezaji wetu akisimama, nyuma yake husimama nani? Husimama mimi wa mwaka 2019, nikiandika kwamba anayevaa jezi ya kijani hapaswi kuhesabu sarafu. Watasema, tatu, kwamba viwanja vilipaswa kufungwa kwa ajili ya afya. Sawa, sipingi hata kidogo. Kufunga uwanja ni tiba. Kumwacha mfanyakazi wa uwanjani bila ujira wala maelezo ni jambo jingine. FIFA yenyewe ilitoa mwongozo Aprili 2020 ukivihimiza vilabu na wachezaji kujadiliana na kuafikiana. Jirani yangu hakuitwa kwenye mazungumzo yoyote.

Tufanyeje basi? Napendekeza mambo mawili. La kwanza ni letu kama mashabiki. Matawi yetu, ambayo huweza kuchanga nauli ya mabasi kwenda Mombasa au Kisumu kwa siku mbili, yaweke suala la mishahara ya wachezaji miongoni mwa madai yao ya kudumu kwa viongozi wa vilabu, na yaache kumwita msaliti kila anayegoma. Mashabiki wa Liverpool walihitaji siku mbili tu.

La pili ni letu kama wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na hapa nasema na nyinyi mliopo darasani nami. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tunalinukuu tamko hilo katika kila kongamano, tunapiga makofi, tunakunywa chai. Ilhali kijana anayecheza kwa Kiswahili, anayefundishwa na kocha kwa Kiswahili na kutangazwa redioni kwa Kiswahili, anatia saini ya maisha yake kwa lugha asiyoielewa. Kwa nini chama chetu kisitoe toleo la Kiswahili la mkataba wa mchezaji, kwa ushirikiano na wenzetu wa kitivo cha sheria na chama cha wachezaji? Istilahi za kifungu kile kilichonishinda nusu saa nzima zinaweza kujadiliwa katika semina moja ya tafsiri na kusanifiwa. Kazi hiyo haihitaji ufadhili wa kutoka ng'ambo. Inahitaji Jumamosi chache na watu wasioona haya kuingia chumba cha kubadilishia mavazi wakiwa na karatasi mkononi.

Nimalizie nilikoanzia. Mcheza kwao hutuzwa. Kitenzi hicho kimewekwa katika kauli ya kutendwa, na mtuzaji hakutajwa. Darasani tungesema kwamba mtenda amefichwa. Nadhani ndiyo sababu kila mmoja wetu amekuwa akimsubiri mwenzake: klabu inaisubiri serikali, serikali inamsubiri mdhamini, shabiki anaisubiri klabu, na mchezaji anasubiri mlangoni akiomba mia mbili ya unga. Jina la jirani yangu sasa nalijua, lote, matatu. Sikuliandika hapa kwa kuwa hakuniruhusu. Lakini nimeahidi kwamba mkataba utakaotafsiriwa wa kwanza, nakala yake nitampelekea kwenye steji ya bodaboda, ausome mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho.